Mafuta yapo tele, mbona nguvu ziliisha? Jibu kwa mkimbiaji wa Karura

"Nina miaka 38, uzani wangu ni kilo 70, naishi Kahawa West. Najiandaa kwa marathoni yangu ya kwanza. Wiki tatu zilizopita niliacha ugali, chapati, wali na mkate ili nipunguze mwili, na siku kumi za kwanza nikapoteza kilo tatu. Jumamosi iliyopita tulikimbia msitu wa Karura kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, mwendo wa dakika saba kwa kilomita. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu saa moja jioni. Kufika kilomita ya 22 miguu ikawa mizito kama mawe, jasho baridi likanitoka, mikono ikatetemeka. Mwenzangu akaniuliza geti liko upande gani, nikashindwa kumjibu. Nilipewa soda, na baada ya dakika kumi akili ikarudi, lakini miguu haikurudi. Nilitoka msituni nikitembea. Kocha wetu anasema mafuta huanza kuungua baada ya dakika 40, na kwamba nivumilie hadi mwili ubadilishe gia. Kama nina mafuta kiasi hiki, mbona nguvu ziliniishia? Mapaja yaliniuma siku mbili; ni ile asidi? Na mume wangu, ambaye ana kisukari na humeza glibenklamidi, sasa anataka kuacha ugali pamoja nami. Ni sawa?"

Dada, asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa kueleza mambo hatua kwa hatua, kwa sababu jibu limo humo humo ndani ya maelezo yako. Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lisiloweza kusubiri: mume wako asiache ugali kabla ya kuzungumza na daktari anayemwandikia dawa. Sababu nitaieleza huko mbele. Leo jioni ale kama alivyozoea.

Sasa tuje kwako. Nikiusema wasiwasi wako kwa maneno yangu, umebeba akiba kubwa ya mafuta, umeacha wanga ili mwili uile akiba hiyo, na siku ulipoihitaji haikukufaa. Unajiuliza kama mwili wako una kasoro. Hauna. Ulifanya kile ambacho mwili wa mtu yeyote ungefanya ukipewa kazi ile na akiba ile.

Fikiria taa ya jikoni kwako. Stima inayoiwasha inaweza kuwa imetoka kwenye mvuke wa Olkaria, kwenye maji ya Mto Tana pale Masinga, au kwenye upepo wa Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Taa haijui wala haiulizi. Nayo meta ya ukutani haikubali mvuke wala maji. Inakubali tokeni, zile tarakimu 20 unazobonyeza gizani. Msuli uko vivyo hivyo. Hauwezi kutumia ugali moja kwa moja, wala nyama, wala mafuta ya tumboni. Unakubali tokeni ya aina moja tu, molekuli iitwayo ATP, ambayo Mjerumani Karl Lohmann aliitambua mwaka 1929. Chochote unachokula, na chochote ulichojiwekea akiba, sharti kwanza kigeuzwe kuwa ATP.

Na tokeni hizi haziwekeki. Ukikusanya ATP yote iliyomo mwilini mwako wakati huu haifiki gramu 100, kiasi ambacho mbio za kasi zingekimaliza kwa sekunde chache. Pembeni yake misuli ina akiba ya dharura iitwayo kreatini fosfati, inayokutosha kulikimbilia matatu linaloondoka, sekunde kumi hivi, basi. Baada ya hapo kila tokeni inatengenezwa papo hapo inapohitajika. Kwa siku nzima, ATP unayotengeneza na kuitumia inakadiriwa kukaribia uzani wako mwenyewe, kwa sababu molekuli zile zile chache hutumika, zikajazwa upya, zikatumika tena, mamia ya mara.

Kiwanda chenyewe kimo ndani ya vijumba vidogo vya seli viitwavyo mitokondria. Chakula kikifika humo huvunjwa, na nguvu inayotoka hutumika kusukuma chembe za haidrojeni upande mmoja wa utando mwembamba, kama maji yanavyokusanywa nyuma ya bwawa. Chembe hizo zinaporudi hupita ndani ya kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za seli) kinachozunguka, na kila mzunguko hutoa ATP. Kinazunguka kweli, kama rafadha inayozungushwa na maji kwenye bwawa la umeme la Kindaruma. Hapa sipambi maneno. Mwingereza Peter Mitchell alipolitoa wazo la bwawa hilo mwaka 1961 wenzake wengi walilikataa kwa miaka mingi, kisha mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel. Waliofafanua jinsi rafadha yenyewe inavyofanya kazi, Paul Boyer na John Walker, walituzwa mwaka 1997. Nimelirefusha hili kwa makusudi, maana ukishaelewa kwamba wanga na mafuta huishia kwenye rafadha ile ile, swali linageuka. Utaacha kuuliza mwili unatumia mafuta au sukari, utauliza kila kimoja kinaifikia rafadha kwa kasi gani.

Mtu akija kuniona kwa shida kama yako huwa namwekea vitu viwili mezani. Cha kwanza ni kijiko kidogo cha chai chenye sukari, kimesawazishwa. Hiyo ni gramu nne hivi, na ndiyo karibu sukari yote inayozunguka ndani ya damu ya mtu mzima kwa wakati mmoja. Watu hukitazama kijiko kile kwa muda. Cha pili ni pakiti ya nusu kilo ya sukari. Huo ndio wanga wote uliohifadhiwa mwilini mwa mtu aliyekula vizuri, unaoitwa glaikojeni: gramu 400 hivi kwenye misuli na gramu 100 hivi kwenye ini. Kwa kalori ni kama 2,000. Ukilinganisha na mafuta, hicho si kitu. Mwanamke wa kilo 70 mara nyingi ana kilo 20 hivi za mafuta, ambazo ni zaidi ya kalori 150,000. Kukimbia hugharimu karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, yaani kwako kalori 70 kwa kilomita. Kwa akiba hiyo ya mafuta ungekimbia kutoka Nairobi hadi Mombasa na kurudi, mara mbili.

Lakini ulisimama kilomita ya 22. Kwa nini?

Kwa sababu mafuta yako ni tangi la lita 10,000 lililofungwa bomba jembamba. Wingi wa maji hausaidii kama bomba halipitishi. Tufanye hesabu ya Jumamosi yako. Kwa mwendo wa dakika saba kwa kilomita ulihitaji kalori 10 kila dakika. Mtu wa kawaida aliyefanya mazoezi kiasi chake huweza kuunguza nusu gramu ya mafuta kwa dakika, au karibu na hapo. Nusu gramu ni kalori nne na nusu. Pengo la kalori tano na nusu zilizobaki lilijazwa na wanga, ambao ni gramu 1.4 hivi kwa dakika. Kilomita 22 zilikuchukua dakika 154. Zidisha: gramu 215 za wanga. Baada ya wiki tatu bila ugali wala chapati, na usiku mzima bila kula, sidhani ulikuwa na zaidi ya hizo. Pakiti yako ya nusu kilo ilikuwa imebaki nusu ulipoingia getini, na iliisha pale pale ilipotarajiwa kuisha.

Mtazame pia yule dada aliyetoka msituni akitembea. Kutembea kwako hugharimu kalori nne au tano kwa dakika. Hizo bomba jembamba linaziweza. Ndiyo maana ulitembea lakini hukuweza kukimbia. Mafuta yalikuwa yanafanya kazi wakati wote, ila yalikuwa yanatosha mwendo wa miguu, hayatoshi mbio.

Bomba la mafuta ni jembamba kwa sababu safari yake ni ndefu. Mafuta hutolewa kwanza kwenye ghala lake chini ya ngozi au tumboni, yabebwe na protini ya damu kwa kuwa hayayeyuki kwenye maji, yaingie kwenye msuli, yapitishwe kwenye mlango maalumu wa mitokondria, kisha yakatwe vipande viwili viwili vya kaboni. Sukari ya msuli ipo palepale ndani ya msuli. Zaidi ya hayo, mafuta hula oksijeni nyingi: lita moja ya oksijeni ikitumiwa kuunguza wanga hutoa nguvu kwa asilimia saba hivi zaidi ya ikitumiwa kuunguza mafuta. Saba ni ndogo ukiwa kwenye kochi. Ukiwa unapanda mteremko wa Karura, mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano, mwili unaihesabu. Ndiyo sababu kadiri unavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyohamia kwenye wanga, na ule mlango wa mafuta hubanwa. Sukari ina uwezo mwingine ambao mafuta hayana: inaweza kutoa ATP bila oksijeni kabisa. Hutoa mbili tu kwa kila molekuli ya glukosi, badala ya 30 hivi ikipitia kwenye mitokondria, lakini hutoa haraka sana.

Kuhusu dakika 40 za kocha wako. Namheshimu, na wazo hilo amelipokea kutoka kwa wengi, lakini si kweli. Tunajua kwa sababu tunaweza kupima pumzi. Glukosi inapoungua, kila molekuli sita za oksijeni zinazoingia hutoa sita za hewa ya kaboni. Mafuta yanapoungua, kwa kila 10 zinazoingia hutoka saba tu. Ukimpima mtu pumzi asubuhi akiwa bado amelala kitandani, kabla ya kula, utakuta zaidi ya nusu ya nguvu zake zinatoka kwenye mafuta, na hajafanya zoezi hata la dakika moja. Unaunguza mafuta ukisoma maneno haya. Ni kweli kwamba katika mbio ndefu mchango wa mafuta hupanda polepole kadiri saa zinavyokwenda, na pengine hapo ndipo namba ya 40 ilipozaliwa, lakini hakuna swichi wala gia. Ni mchanganyiko, kama fundi bomba anavyochanganya maji moto na baridi: mifereji yote miwili iko wazi, kinachobadilika ni kipi kimefunguliwa zaidi. "Kuvumilia hadi mwili ubadilishe" ni ushauri ambao ungekuangusha chini.

Na ungekuangusha kwa sababu siku ile yalikutokea mambo mawili, wala si moja. Miguu mizito ni jambo la misuli. Jasho baridi, mtetemo na kushindwa kujua geti liko wapi ni jambo la ubongo. Ubongo hautumii mafuta moja kwa moja. Hutaka glukosi, gramu 120 hivi kwa siku, yaani kama tano kwa saa, hata ukiwa umelala. Usiku anayeulisha ni ini. Toka saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 11, kwa hiyo ini lako lilikuwa limetoa sehemu kubwa ya gramu zake 100 kabla hujafunga kamba za viatu. Kisha misuli ikaanza kuvuta kutoka kwenye kijiko kile kile cha damu.

Utauliza, kwani misuli haikuwa na sukari yake ya kuukopesha ubongo? Ilikuwa nayo mwanzoni, lakini msuli haukopeshi. Hauna kimeng'enya cha kuitoa glukosi yake irudi kwenye damu. Ikishaingia msulini itatumika humo humo. Ini pekee, na figo kwa kiasi kidogo, ndilo linaloweza kuigawia jamaa nzima. Nayo mafuta hayageuki kuwa glukosi, ila sehemu yake ndogo iitwayo gliseroli. Ini linaweza kutengeneza glukosi mpya kutokana na protini na lakteti (kinachobaki sukari ikitumiwa bila oksijeni, ambacho watu hukiita asidi ya misuli), lakini si kwa kasi ya mbio. Ukifunga kwa siku kadhaa, ini huanza kuyageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo huzizoea hadi zikagharimia sehemu kubwa ya mahitaji yake. Wewe hukuwa umefika huko. Uliniambia umeacha ugali na chapati, hukuniambia umeacha maharagwe, ndizi na maziwa ya chai. Ulikuwa katikati ya mto: wanga umepungua kiasi cha kutotosha mbio, lakini haujapungua kiasi cha kuulazimisha ubongo kuishi kwa ketoni.

Haya si mageni. Mwaka 1924 madaktari huko Boston, Marekani, walipima sukari ya damu ya wakimbiaji walipomaliza marathoni ya mji huo. Waliofika wakiwa hoi, wamepauka, wanatetemeka, sukari yao ilikuwa imeshuka sana, na madaktari wakaona dalili zinafanana na za mgonjwa aliyezidishiwa insulini, dawa ya kushusha sukari iliyokuwa mpya kabisa wakati huo. Mwaka uliofuata wakawashauri wakimbiaji wale wanga zaidi kabla ya mbio na kula peremende wakiwa njiani. Hali ikawa nafuu. Soda yako ya Karura ni peremende ile ile ya Boston: chupa ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, mara saba ya kijiko kinachozunguka kwenye damu. Ubongo ukashiba kwa dakika kumi. Miguu haikurudi kwa kuwa ghala la msuli hujazwa kwa saa nyingi, siku nzima au zaidi, na kwa chakula cha kutosha.

Kuna jaribio moja la Sweden la mwaka 1966 nalipenda kuliko yote. Watafiti wawili, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijitumia wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja ya mazoezi, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu hadi ukachoka kabisa, kisha kwa siku tatu wakala vyakula vya wanga kwa wingi. Walipochomana sindano nene na kutoa vipande vya msuli, mguu uliofanya kazi ulikuwa umehifadhi glaikojeni karibu maradufu ya ule uliopumzika. Mtu mmoja, damu moja, chakula kimoja, miguu miwili tofauti. Maana yake ni kwamba mazoezi yako tayari yameifungua mifuko ya misuli yako. Kilichokosekana ni cha kutia.

Maumivu ya mapaja si asidi. Lakteti iliyozalishwa Jumamosi ilikuwa imeondoka kabla hujafika nyumbani, kwa saa moja hivi. Na haikuwa uchafu: moyo wako uliitumia kama chakula wakati ukikimbia, na nyingine ilirudi kwenye ini ikageuzwa tena kuwa glukosi, mzunguko unaoitwa kwa jina la Carl na Gerty Cori, waliopata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1947. Yanayouma siku ya pili ni majeraha madogo madogo ya nyuzi za msuli, hasa baada ya kuteremka milima. Yatapungua kadiri unavyozoea.

Zile kilo tatu nazo nazisema kwa upole, maana najua zilikufurahisha. Kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ukimwaga gramu 300 za glaikojeni, kilo moja na zaidi imeondoka bila mafuta kuguswa, na insulini, ambayo kongosho hutoa ukila wanga, ikishuka, figo nazo huachia chumvi na maji mengine. Kwa hiyo ukila ugali Ijumaa na mizani ikapanda kilo moja Jumamosi, usilie. Ni maji, na ni maji unayoyahitaji. Mafuta yakiondoka kweli huondoka polepole, na sehemu kubwa hupitia puani, kama hewa ya kaboni. Jasho si mafuta yanayoyeyuka.

Basi ufanye nini? Njia ziko tatu na nitakupa kila moja kwa haki yake. Ya kwanza ni kuacha wanga kabisa, kwa wiki kadhaa, hadi mwili uzoee. Inawezekana, na bomba la mafuta hupanuka kweli, hata kufikia zaidi ya gramu moja kwa dakika. Lakini utafiti wa Louise Burke wa Australia, uliochapishwa mwaka 2017, uliwafuatilia watembeaji wa mashindano waliofanya hivyo: walichoma mafuta mengi ajabu, ila wakawa wanahitaji oksijeni zaidi kwa mwendo ule ule, na muda wao wa mashindano haukuboreka ilhali wenzao waliokula wanga waliboreka. Kwa mtu asiyejali kasi, inaweza kumfaa. Njia ya pili ni kukimbia bila kula mara moja moja, mbio fupi za polepole, chini ya saa moja, ukiwa unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Hiyo haina ubaya, lakini usiitarajie ikupunguze mwili kuliko mbio za baada ya kifungua kinywa; ukihesabu siku nzima, kinachoamua ni jumla ya ulichokula. Njia ya tatu ni kurudisha wanga kwa mpangilio, na ndiyo ninayokushauri wewe. Watafiti waliochunguza sahani za wakimbiaji wetu wa Bonde la Ufa walikuta karibu robo tatu ya nguvu zao zinatoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi, na sukari ya chai. Wale hawakuiita sumu.

Kwa vitendo iwe hivi. Siku za mapumziko sahani iwe ya mboga na protini zaidi, ugali kidogo. Ijumaa jioni, kabla ya mbio ndefu, ule ugali wa kutosha. Robo kilo ya unga ina wanga wa gramu 180 na zaidi. Unaweza kubadilisha na nduma, ngwaci (viazi vitamu) au githeri (mahindi na maharagwe), japo githeri hujaza gesi na sipendi kuipendekeza usiku wa mbio. Jumamosi uamke mapema, dakika 90 kabla ya mbio, unywe kikombe cha uji au chai ya sukari na vipande viwili vya mkate, au ndizi mbili. Mbio zikizidi dakika 90, ule ukiwa njiani gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, ukianza dakika ya 40 bila kungoja njaa. Huhitaji vitu vya bei. Vijiko vitatu vikubwa vya sukari, visivyofurika, kwenye nusu lita ya maji, na chumvi kidogo na ndimu, ni gramu 35 hivi. Ndizi moja iliyoiva ni 25. Jaribu haya katika mazoezi. Tumbo nalo hufundishwa, na siku ya mashindano si siku ya kulifundisha.

Tafuta kuonana na daktari ana kwa ana kama dalili zile za jasho na kuchanganyikiwa zitakujia ukiwa umekaa tu au umekula, kama ulizimia, kama ulihisi maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio bila mpangilio. Nenda siku hiyo hiyo kama mkojo baada ya mbio unatoka rangi ya kahawia nzito, maana msuli ulioumia sana unaweza kuharibu figo. Hedhi ikikatika miezi mitatu, chakula hakitoshi mazoezi, usiifurahie. Ukiwa mchovu wiki nzima hata ukila vizuri, pima damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma kwa wanawake wanaokimbia ni wa kawaida na hakuna ugali utakaouponya. Na kama una mimba au unanyonyesha, haya yote tuyazungumze upya.

Sasa mume wako. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, iwe amekula au hajala. Dozi yake ilipangwa kwa mtu anayekula ugali kila jioni. Akiuondoa na dawa ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka hatari usiku akiwa usingizini, nawe ukadhani anakoroma tu. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili kupunguza wanga si wazo baya, hata kidogo; mara nyingi sukari hushuka vizuri na dawa zikapunguzwa. Ila anayepunguza dawa ni daktari, na hufanya hivyo siku ile ile chakula kinapobadilika, si baada ya mtu kuanguka. Angekuwa anatumia insulini ningesema hivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Dawa nyingine za kisukari, zile za kundi la dapagliflozini, zina hatari yake, maana kwa asiyekula wanga zinaweza kuleta asidi ya ketoni kwenye damu huku kipimo cha sukari kikionyesha sawa. Metformini, nayo dawa ya kisukari, ikitumiwa peke yake ndiyo nyepesi katika hili. Na awe makini na pombe, kwa sababu ini likishughulika na pombe huacha kutengeneza glukosi.

Kuanzia leo weka sukari karibu na kitanda. Akitetemeka, akitoka jasho, akiongea maneno yasiyopangika, au kipimo kikisoma chini ya 3.9 mmol/L, mpe vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Akiwa hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na hata akizinduka, mpeleke, kwa kuwa dawa hii hukaa mwilini saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena wakati mmeshatulia. Wiki hii mwende kliniki pamoja, mbebe pakiti za dawa zake zote, daftari la vipimo, na orodha ya anachokula kutoka asubuhi hadi usiku. Ukiwa hapo, mwombe daktari akupime na wewe.